Ukuta Usiofika Paa

Jumatatu, tarehe mbili Septemba, mwaka elfu mbili ishirini na nne, Bi Taratibu alifika shuleni kabla ya kengele, akafungua mlango wa darasa la kwanza, akaweka mkoba wake juu ya meza, kisha akafanya jambo ambalo mara nyingi alikuwa amejikataza kulifanya. Aliutazama ukuta.

Ukuta wenyewe haukuwa na cha kutazamwa. Ulikuwa wa tofali, umepakwa chokaa iliyogeuka rangi ya meno ya mzee, na haukufika paa. Jengo lile hapo zamani lilikuwa ghala moja refu. Shule ilipolirithi, mafundi waliligawa katikati ili yapatikane madarasa mawili, wakajenga hadi kimo cha mtu mzima aliyesimama juu ya dawati, wakaenda zao kwa ahadi kwamba watarudi kumalizia. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini hawakusema ni nani atakayemfuata fundi aliyekwisha kuhama. Basi kati ya ncha ya ukuta na mabati palibaki uwazi, na katika uwazi ule mwanga, vumbi, ndege na sauti vilipita bila kubisha hodi.

Upande wa pili wa ukuta ule ndiko alikokuwa akifundisha Bi Zumari.

Hayo hayakuwa majina yao ya kwenye vyeti. Bi Taratibu aliitwa hivyo na watoto kwa sababu ya neno lililokuwa haliishi kinywani mwake kila alipomwona mtoto anayeparuza kalamu kwa pupa. "Taratibu, mwanangu. Herufi haina miguu, haitakukimbia." Na Bi Zumari alibandikwa jina lake na walimu wenziwe, kwa kuwa sauti yake iliweza kumwamsha mtoto aliyesinzia hata kama mtoto mwenyewe ni wa darasa la jirani. Wote wawili walifundisha darasa la kwanza, kila mmoja na mkondo wake, tangu ujana wao hadi mvi zilipowaingia.

Wiki yao ya kwanza walipatana kama paka wawili ndani ya gunia. Huyu akisomesha, yule anaimbisha. Huyu akipandisha sauti ili asikike, yule anapandisha zaidi. Watoto wa upande huu walijikuta wanaitikia maswali ya upande ule, na siku moja mtoto wa Bi Taratibu alipoulizwa herufi iliyo ubaoni alijibu kwa wimbo, tena wimbo wa Bi Zumari. Ijumaa ilipofika, sauti ya Bi Taratibu ilikuwa imekauka hata salamu haitoki. Ndipo aliposikia kifutio cha ubao kikigongwa ukutani kutoka ng'ambo, na sauti ikasema, safari hii kwa upole:

"Jirani, kikombe ni kimoja. Ukinywa wewe, mimi nitangoja. Nikinywa mimi, nawe ungoje."

Tangu siku ile mambo yakawa hivyo. Asubuhi, kabla ya mapumziko madogo, Bi Taratibu aliwasomesha watoto wake kwa sauti, na watoto wa ng'ambo waliandika kimya. Baada ya mapumziko madogo, Bi Zumari aliwaimbisha wake silabi, na watoto wa huku waliinamia daftari. Jambo hilo halikuandikwa katika ratiba yoyote. Walimu wakuu walikuja na kuondoka bila kulijua. Lakini watoto wote waliopita katika jengo lile walijifunza, kabla hata ya kujua kuandika majina yao, kwamba kuna wakati wa kusema na kuna wakati wa kuwapisha wenzao waseme.

Cha ajabu ni kwamba walimu hao wawili, nje ya ukuta wao, hawakuwa watu wa maongezi. Mmoja aliishi mashariki ya mji na mwingine magharibi. Penye chai ya walimu, Bi Zumari aliwachekesha wengine, na Bi Taratibu alikaa pembeni akisahihisha. Urafiki wao wote ulipitia juu ya ukuta. Bi Taratibu alijua kwa sauti tu kwamba jirani yake ana mafua, kwamba amefiwa, kwamba leo amevaa viatu vipya. Alipofiwa yeye mwenyewe na mume wake akarudi kazini baada ya matanga, hakuna aliyemfariji kama jirani yule, aliyeacha kuimbisha wiki nzima ili huku kuwe na utulivu, wala hakutamka lolote juu yake.

Kisha likaja agizo la kusawazisha walimu. Shule za mjini, agizo lilisema, zina walimu wengi kupita kiasi, na za mbali hazina. Hilo lilikuwa kweli, na Bi Taratibu hakulipinga moyoni. Mikondo miwili ya darasa la kwanza ikaunganishwa kuwa mmoja. Wakati wa likizo Bi Zumari alipelekwa shule moja ng'ambo ya mto, safari ya kutwa nzima, na shule zilipofunguliwa mwenzake alikuta kufuli mlangoni. Chumba cha jirani kilijazwa madawati mabovu na mifuko ya saruji ya jengo jipya lililokuwa likijengwa upande wa pili wa uwanja. Watoto wote wakawa wake, wamebanana kama mbegu ndani ya boga.

Walikuwa hawajaagana. Kwa hiyo Bi Taratibu alimpigia simu.

"Jirani," ilisema sauti ya Bi Zumari.

"Jirani," alijibu.

Kisha akangoja. Alijiambia kwamba msafiri ndiye mwenye habari, basi na aanze msafiri. Lakini msafiri hakuanza. Bi Taratibu alisikia pumzi, akasikia kuku akilia mbali, akasikia pumzi tena, na mwishowe simu ikakatika. Alibaki ameishika mkononi. Zumari wa watu, mwenye sauti ya kutosha shule nzima, hakuwa na hata neno moja la kumpa! Alikaa na jambo hilo siku nyingi, likamwingia kama mwiba usioonekana. Pengine jirani alidhani kwamba yeye ndiye aliyemponza kwa wakubwa ili abaki mjini. Pengine alikuwa amechoka naye tangu zamani. Hakupiga tena. Nilianza mimi, aliwaza, sasa ni zamu yake. Na zamu ile haikufika.

Hata hivyo darasani alifanya jambo ambalo hakulikusudia. Siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, baada ya mapumziko madogo, aliandika silabi ubaoni, akawaambia watoto wanakili, akaweka kidole midomoni, akasema kwa mazoea kwamba sasa ni zamu ya wale wa kule, akainua uso kuelekea ule uwazi. Halikuja lolote isipokuwa mbawa za ndege. Angeweza kugeuka na kuendelea na somo, kwani kikombe sasa kilikuwa chake peke yake, anywe atakavyo. Hakuweza. Aliwaacha watoto waandike kimya mpaka kipindi kikaisha, na kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa, hadi kimya kile kikawa sehemu ya darasa kama mlango na dirisha.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Jumatatu ile ya Septemba, mkaguzi alipokuja.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, wa umri wa binti ya Bi Taratibu, aliyebeba kishikwambi kifuani kama mama anavyombeba mtoto mchanga. Alikuja na mwongozo mpya wa madarasa ya chini. Mwalimu mkuu aliwakusanya walimu asubuhi, na kijana yule akaeleza kwa adabu kwamba uchunguzi umeonesha watoto wengi hukaa darasani bila kushiriki. Tangu sasa darasa zuri ni darasa changamfu, sauti ya mtoto isikike kipindi chote, na kila kipande cha wakati ambacho watoto wamenyamaza kitaandikwa kuwa muda mfu. Mwalimu wa darasa la kwanza atakayekutwa na muda mfu mara mbili ataondolewa, apelekwe madarasa ya juu, na nafasi yake apewe mwingine.

Bi Taratibu alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa kuchukia sera. Alikuwa ameziona nyingi. Aliwahi kuambiwa afundishe herufi kabla ya neno, baadaye akaambiwa neno kabla ya herufi. Mtihani ulifutwa kwa sababu uliwaogopesha watoto, ukarudishwa kwa sababu kukosekana kwake kuliwaogopesha wazazi. Madawati yalipangwa mistari, yakapangwa duara, yakarudishwa mistari mtu alipogundua kwamba nusu ya duara imeupa ubao kisogo. Kila mara alitii, maana aliona kwamba kila mabadiliko yalitokana na mtu fulani aliyewaza kwa nia njema. Isipokuwa kwamba mtu huyo, alivyomwona kwa macho ya moyo, siku zote alikaa katika chumba ambacho kuta zake zote zimefika juu. Sera zilimjua mtoto, zilimjua mwalimu, zilikijua kitabu. Hakuna hata moja aliyoisoma ambayo ilimjua jirani.

Baada ya mapumziko madogo mkaguzi aliingia darasani kwake, akaketi nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. Watoto walinakili silabi. Mwalimu alisimama na chaki mkononi, uso ameuelekeza ukutani. Kijana alitazama watoto, akamtazama mwalimu, akautazama ukuta, akaandika. Mwisho wa kipindi aliuliza kwa heshima ni kwa nini watoto walinyamaza kiasi kile. Bi Taratibu alifungua kinywa, na maelezo yote aliyokuwa nayo yakaonekana kuwa ya mtu aliyepungukiwa akili. Angesema nini? Kwamba anampisha mtu asiyekuwepo? Alijibu kwamba walikuwa wakiandika tu. Mkaguzi akasema kwamba atarudi Ijumaa ya wiki inayofuata.

Mwalimu mkuu, aliyekuwa mtu mwema na mwepesi wa mzaha, alimwita ofisini.

"Bi Taratibu, dada yangu, sera ni mgeni. Mpe kiti, mpe maji, msikilize. Akienda zake, utaendelea na maisha yako."

"Na mgeni akiondoka, Mkuu, anayebaki kufagia ni nani?"

"Ni wewe na mimi. Lakini afadhali kufagia darasa lako kuliko kufagia la mwingine. Waache watoto wapige kelele siku moja tu. Si ndiyo kazi waliyokuja nayo duniani?"

Alicheka, na yeye akacheka kidogo kwa ajili ya heshima. Lakini Bi Taratibu alitoka mle ofisini akiwaza. Darasa la kwanza ndilo alilokuwa akilijua. Hakuna aliyewahi kumwona mtoto kwa mara ya kwanza akisoma neno zima, mtoto akigeuka nyuma kutafuta ni nani aliyelisema, halafu akatamani kazi nyingine. Wakimwondoa pale, atakuwa mwalimu kwa mshahara tu. Na asipotaka kuondolewa, alipaswa kuachana na kile kimya. Ni kitu kidogo, alijiambia. Ni kitu kisicho na faida kwa mtu. Lakini kila alipojiambia hivyo alihisi kama mtu anayetakiwa kufunga mlango huku mwenziwe bado yuko njiani.

Nyumbani kwake kuta zote zilifika juu, na hakuna aliyemsikia. Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu siku za Jumapili na kumwambia apumzike, astaafu mapema, aje akae na wajukuu. Alikuwa binti mwenye upendo, lakini alizungumza upesi upesi, kwa sababu kila mara palikuwa na mtoto anayelia nyuma yake. Bi Taratibu alisema, "Nitafikiri, mwanangu," kisha nyumba ikarudi kama ilivyokuwa. Siku hizo alianza kufanya mazoezi. Alisimama katikati ya sebule, mikono nyuma kama mwanafunzi, akauimba wimbo wa silabi wa Bi Zumari, ule ba na be na bi uliopanda ngazi na kushuka. Aliujua wote, kila pumzi yake, maana aliusikia nusu ya maisha yake. Lakini kooni mwake wimbo ulitoka umepinda, kama nguo ya mtu mwingine inayobana mabegani. Aliimba hadi akajionea haya, akaketi.

Aliamua kutii. Si kwa sababu ya mwongozo. Aliamua kwa sababu aliona kwamba mtu hawezi kuendelea kumpisha aliyekwisha kumsahau.

Ijumaa ilipofika, mkaguzi aliketi tena kwenye kiti kile kidogo. Asubuhi ilikwenda vizuri. Watoto walisoma, wakapiga makofi, wakabishana, na kijana akatikisa kichwa kwa kuridhika. Walitoka kwa mapumziko madogo, wakarudi wakiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Bi Taratibu alisimama mbele ya ubao, akavuta pumzi, akainua mikono, akaanza kuimba.

Aliimba mstari mzima peke yake.

Hakuna aliyeitikia. Watoto walikuwa wamekwisha kutoa penseli. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama, au vilikuwa katika kuinama, na sasa vikainuka na kumtazama kwa mshangao, kama vile wanamtazama mtu mzima anayekimbia ndani ya nyumba. Alianza mstari wa pili. Ndipo katika dawati la mbele binti mmoja mdogo, aliyeng'oka meno ya mbele na ambaye wenziwe walimwita Kibogoyo, aliweka kidole chake midomoni na kumwambia mwalimu wake, kwa upole wote aliofundishwa naye:

"Taratibu, Mwalimu. Sasa ni zamu yao."

Mikono ya Bi Taratibu ilishuka yenyewe. Mkaguzi aliinuka nyuma ya darasa, akaja mbele, akachutama karibu na dawati lile.

"Zamu ya nani, mwanangu?"

"Ya wale wa kule." Kibogoyo alionesha ukuta kwa penseli.

"Kule hakuna mtu. Mlango una kufuli, nimeuona mwenyewe."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. Alitazama juu, kwenye uwazi, akasikiliza kidogo kwa makini ya mtu aliyezoea, kisha akatoa uamuzi wake.

"Hatujawasikia bado. Labda nao wanaandika."

Akainamia daftari lake, akaendelea. Darasa zima likaendelea. Palisikika penseli tu, na ndege mmoja akikwaruza mabati kwa kucha. Bi Taratibu alisimama pale pale aliposimama, na maneno yale ya mtoto yakaingia ndani yake na kufungua kitu. Labda nao wanaandika! Akaikumbuka simu ile, pumzi ile, kuku yule wa mbali. Watu wawili, kila mmoja amenyamaza ili mwenziwe aseme. Katika maisha yao yote ya kazi hakuna hata siku moja waliyowahi kusema kwa wakati mmoja. Ni nani angewafundisha kuanza?

Kengele ilipolia, mkaguzi alimwomba watoke nje, wakasimama barazani mbele ya mlango wenye kufuli. Kijana alikuwa amekishusha kishikwambi ubavuni. Alisema kwamba anataka kumweleza jambo ambalo halimo katika kazi yake. Mwezi uliopita alikuwa ng'ambo ya mto, katika shule iliyo juu ya kilima. Darasa la kwanza la kule limejengwa peke yake, halina chumba kinachopakana nalo, ukitoka nje ni majani na mbuzi. Mwalimu wa darasa lile ni mama mmoja mwenye sauti kubwa na mzaha mwingi, watoto wanampenda.

"Lakini kila asubuhi, kabla ya mapumziko madogo, anawanyamazisha. Wanaandika, na yeye anasimama tu. Nikamwuliza kama alivyoniagiza mkubwa wangu niulize. Akaniambia, 'Nampisha jirani yangu asomeshe.' Nikatoka nje kumtafuta jirani. Nikawakuta mbuzi." Kijana alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Nilidhani amechoka, Mama. Leo ndiyo nimeelewa jirani ni nani."

Bi Taratibu aliegemea nguzo. Kabla ya mapumziko madogo. Hiyo ilikuwa zamu yake yeye. Mwaka mzima, alipokuwa akisoma na watoto wake huku akijiona mtu wa pekee kuliko wote, kulikuwa na darasa juu ya kilima lililonyamaza kwa ajili yake.

"Ulimwandikia muda mfu?" aliuliza.

"Nilimwandikia."

"Basi niandikie na mimi. Usitutenganishe."

"Mama, hii itakuwa ya pili. Utatolewa darasa la kwanza."

"Najua, mwanangu. Andika ulichokiona."

Kijana alikitazama kioo cha kishikwambi, akapitisha kidole juu na chini kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Alikuwa kijana mkweli, na kwa sababu hiyo alipata tabu. Alisema kwamba ametafuta mahali pa kueleza, lakini mwongozo hauna sehemu ya jirani. Bi Taratibu alimwambia kwamba hilo si kosa lake. Labda siku moja atakaa na wale wanaoandika miongozo, na hapo atawaambia. Kijana aliandika. Kisha alimuaga kwa kuinama, kama mtu anavyomuaga mama yake mkubwa, akaenda.

Watoto walipokwisha kwenda nyumbani mchana ule, Bi Taratibu hakuufunga mlango. Aliketi kwenye meza yake, akapanga daftari za kusahihisha, akaitoa simu, akapiga.

"Jirani," ilisema sauti.

"Jirani."

Kikaja kile kimya. Safari hii hakukiogopa. Aliiweka simu juu ya meza, karibu na daftari, akafungua daftari la kwanza, akaanza kusahihisha. Kutoka ndani ya simu zilisikika karatasi zikigeuzwa, na kiti kikisogezwa, na mtu akikohoa kikohozi ambacho angekitambua katikati ya soko. Alikuwa akisahihisha naye. Daftari zikahama polepole kutoka upande mmoja wa meza kwenda wa pili. Ndipo Bi Taratibu alipochukua kifutio cha ubao, akanyoosha mkono nyuma yake, akagonga ukuta.

"Kunywa, jirani," alisema. "Mimi nimekwisha."

Palikuwa na pumzi moja ndefu. Kisha Bi Zumari akaanza kuimba, kwa sauti ya chini kwanza, ba na be na bi, ikipanda ngazi, ikajaa ndani ya kile chombo kidogo hadi kikatetemeka juu ya meza. Ilikuwa na mikwaruzo sasa, na mahali pa kupumulia palikuwa pameongezeka. Bi Taratibu aliinamisha kichwa, akaendelea kusahihisha, na hakuinua uso mpaka wimbo ulipokwisha.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alihamishiwa darasa la tano, katika jengo jipya. Ni jengo zuri, lina vioo madirishani, na kuta zake ni nene, zimefika juu kabisa. Wanafunzi wake ni wakubwa, wana chunusi za kwanza na maswali ya kuchokoza, na bado hawajampenda. Walimu wenziwe wanasema ameanza kuzeeka, kwa sababu kuna wakati wa asubuhi, baada ya mapumziko madogo, ambapo anawapa kazi ya kuandika na kusimama kimya dirishani. Wale waliojifunzia kusoma katika ghala la zamani hawasemi kitu. Wanainama na kuandika.

Nawe uliyeisoma hadithi hii mwenyewe, usikae nayo. Msomee asiyejua kusoma, naye amsimulie mwingine, ivuke ukuta hadi ukuta na ng'ambo hadi ng'ambo. Na ukiisha kuisoma, nyamaza kidogo. Huenda jirani yako naye anakungoja wewe uanze.